Jicho la Doto kwenye Uso wa Kulwa

Kacha! Kimya kidogo. Kacha! Huo ndio mlio wa kikatio cha picha za paspoti cha Mzee Anselmi, na mpaka leo nikisikia mlango wa kabati umejibamiza, shingo yangu inarudi nyuma yenyewe kama vile nataka kukatwa mimi. Ni chuma kizito chenye mkono. Ukikandamiza, picha zinaachana kwa mpigo mmoja. Siku yangu ya kwanza kazini nilikandamiza bila kupanga karatasi sawasawa, nikamkata mwalimu mmoja masikio yote mawili. Mzee Anselmi akainua picha, akaitazama, akasema bila kukasirika, "Binti, serikali inataka masikio. Bila masikio itampaje habari zake?"

Skola na Tedi, nyie ndio mnachukua stuli yangu, na nyie ndio mliniomba niandike. Mnanicheka kwamba nimestaafu na miaka thelathini na mbili. Chekeni tu. Mtu aliyekaa studio moja miaka kumi na tatu, anaangalia nyuso za watu kuanzia saa mbili asubuhi, huyo amestaafu hata kama magoti yake bado mazima. Nakwenda kurudia masomo nilipoyaachia, kidato cha pili, nifike cha nne. Baada ya hapo nina ndoto zangu, nikizitaja zote daftari litaisha. Nawapa moja: nataka siku moja niuone ubongo wa mtu, hata ule wa plastiki wa kufundishia, nijue nyuso huwa zinakaa upande gani.

Nilipofika, studio ilikuwa nusu ya hii mnayoiona. Chumba kimoja karibu na soko hapa Mpanda mjini, pazia la bluu, pazia jeupe, kompyuta moja iliyokuwa ikiunguruma kama inapanda mlima, na kitana kilichofungwa kamba ukutani kisiibiwe. Nyuma ya mlango palikuwa na koti jeusi na tai iliyokwisha kufungwa, unaiingiza kichwani tu. Kila aliyetaka picha ya heshima alilivaa. Katika mji huu kuna makarani, wafugaji, wauza mchele na mapadri wawili ambao kwenye mafaili yao wote wamevaa koti lile lile. Lilikuwa limechanika mgongoni, ila picha ya paspoti haina mgongo. Koti lile limefika Dodoma mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na halijawahi kulipa nauli.

Mzee Anselmi ni Mpimbwe, mkulima wa mpunga aliyeshika kamera akasahau jembe. Alianza zamani za filamu, akirekebisha picha kwa penseli yenye ncha kama sindano. Alinifundisha mengi, mengine mtayaokota wenyewe. Usimwambie mtu "usicheke", mwambie "pumua". Ukimkataza kucheka ndio utakuwa umemchekesha. Mtu mweusi sana usimweke jua likiwa nyuma yake halafu ulaumu kamera. Usifute kovu bila kuuliza. Na mwanya usizibe hata siku moja. Niliwahi kumziba dada mmoja mwanya, nikidhani nampendezesha. Alinitazama hivi, akasema, "Mahari yangu yote ilikuwa hapo."

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kupindua. "Picha ikikushinda, igeuze kichwa chini," aliniambia wiki ya kwanza. "Uso ukiwa wima unakusemesha. Unaanza kumwangalia mtu badala ya kuangalia kazi. Ukiupindua unanyamaza. Unaona madoa, unaona mikunjo, basi." Na ni kweli kabisa, jaribuni. Pindua uso wa mama yako mzazi kwenye kompyuta, utaona pua, utaona mdomo, kila kitu kipo mahali pake, ila mama mwenyewe katoka. Kwa miaka mingi nilisafisha nyuso za watu zikiwa zimening'inia kama popo, na kazi yangu ilisifiwa mpaka Kigoma. Sikuwahi kujiuliza, yule mtu aliyetoka anakuwa ameenda wapi.

Nilikuja kujiuliza mwaka jana, mvua zilipokolea.

Aliingia mama mmoja mrefu kutoka Kasekese, wa familia ya wafugaji waliohamia toka Usukumani. Alishika kitu amekifunga kwenye kanga, na kanga iko ndani ya mfuko wa salfeti. Nyuma yake kijana mwenye kofia ya pama, mtu wa kucheka kwa shavu moja.

"Binti," yule mama akaniambia, "ni nyie mnaotengeneza watu?"

"Tunatengeneza picha, mama."

"Ni hivyo hivyo."

Akafungua mfuko, akafungua kanga. Ilikuwa fremu ya picha. Bati lilivuja, maji yakaingia ndani, picha ikagandia kwenye kioo. Walipoibandua, jicho la kushoto, nyusi yake na nusu ya shavu vilibaki kwenye kioo kama ukoko kwenye sufuria, na hata huko vikapondeka, havikufaa tena. Iliyobaki ilikuwa nusu ya kijana. Nikamtazama aliyevaa kofia, nikaitazama picha. Ni yeye.

"Siyo mimi," akasema, kama mtu aliyezoea. "Mimi Doto. Huyo Kulwa. Na niliyebandua ni mimi."

"Kwa mikono ya kukamulia ng'ombe," mama yake akadakia.

Walikuwa mapacha. Kulwa ndiye alitangulia kuzaliwa, na ndiye alitangulia kuondoka, homa ya siku nne, mwaka wa tano huo. Picha ilikuwa hiyo moja. Simu yake yenye nyingine ilidumbukia kwenye bwawa la kunyweshea. Aliacha mtoto wa mwaka mmoja, wa kike, anaitwa Kabula.

"Kabula sasa anaanza shule," Mama Kulwa akatueleza. Alikuwa anaongea akimtazama Mzee Anselmi, kwa sababu alimwona ndiye mkubwa. "Anamwita huyu Doto baba. Simkatazi. Doto anamlea, na amwite. Lakini akiuliza baba aliyenizaa alikuwaje, watu wanamjibu, si kama Doto tu! Mtazame Doto, umemaliza. Mzee wangu, mimi nataka mjukuu wangu amwone mwanangu. Picha hii ikifa, Kulwa naye amekuwa Doto."

Mzee Anselmi akamwangalia Doto toka kofia mpaka makubazi, akatabasamu.

"Mama, Mungu anakupenda. Watu wanaleta hapa gari bovu, wewe umeleta na spea."

Tulicheka wote, hata mama. Ndio maana nasema kosa lile lilikuwa letu sote, tuliingia ndani yake tukicheka.

Nilimkalisha Doto kwenye stuli, nikamgeuza kichwa kama alivyokaa ndugu yake, nikampiga. Muda wote alikuwa anapiga soga. "Shuleni mwalimu alikuwa anamchapa Kulwa kwa makosa yangu. Na yeye anakubali tu! Anasema, kesho yako." Walipoondoka nikaweka picha zote mbili kwenye kompyuta, nikazipindua kichwa chini kama nilivyofundishwa, nikachukua jicho la Doto, nyusi ya Doto na shavu la Doto, nikaanza kushona. Siku mbili. Rangi nikailainisha, ngozi nikaifuatisha kinyweleo kwa kinyweleo. Mzee alikuja na lensi yake ya mkononi, akapitisha jicho, akasema, "Hakuna mshono." Kwa Mzee Anselmi hayo ni maneno mengi. Mimi nikaliita lile faili *Kulwa safi*.

Wiki iliyofuata wakarudi. Nilimpa mama picha kwa mikono miwili, nimejaa furaha kama naozesha mtoto.

Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akatoka nayo nje kwenye mwanga, akarudi.

"Huyu nani?"

Nikadhani macho yake hayaoni vizuri. "Ni Kulwa, mama. Tumemrudishia jicho. Jicho lenyewe la Doto, ni lile lile."

"Jicho sijalikataa. Pua ni yake, mdomo ni wake. Namuuliza mwenyewe. Ni nani?"

Doto akachungulia begani kwake. "Mama, mbona mimi naona ni Kulwa kabisa?"

"Wewe uso wako unaujulia kwenye kioo, hujawahi kukutana nao njiani," mama akamjibu. Kisha akaiweka picha mezani, taratibu, kama sahani ya mgeni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mimi nilizaa wawili. Huyu wa tatu mmemzaa nyie."

Mzee akajaribu kumwelewesha kwa lensi. Aone mwenyewe hakuna mshono. Mama Kulwa akakataa kushika lensi. Akasema ana mdogo wake hapa Kawajense, atalala huko, na kila asubuhi atakuja kukaa kwenye benchi letu mpaka mwanae atoke. Doto akarudi kwa ng'ombe.

Basi akawa anakuja kweli. Saa mbili tunafungua, yupo, na kikapu cha karanga za kuchemsha anazogawia wateja. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa na cha kumwonyesha. Siku ya kwanza nililishusha jicho kidogo sana, unene wa uzi. "Siye." Nikalipandisha. "Siye." Siku ya pili nikapunguza shavu. Akanyanyuka kwenye benchi, akasogea. Akasema, "Alikuwa anakuja, kisha amepita." Nilimuuliza anieleze, mama, Kulwa alikuwa anatofautiana wapi na Doto? Macho? Kidevu? Akafikiri sana, mtu wa kweli, hakutaka kunidanganya. "Sijui, mwanangu. Sijawahi kuvihesabu. Walikuwa wakija toka kisimani, mbali kule, wote na ndoo kichwani, najua huyu fulani na huyu fulani. Sikumbuki kama niliwahi kuangalia pua."

Nyie mtakaokaa hapa, mteja akikuambia "sijui ni nini lakini siye," msimcheke. Mimi karibu nimcheke. Nilikwishaanza kufikiri labda ni majonzi tu yanamfanya akatae.

Siku ya tatu nikachapa picha mbili. Moja ile ya jicho la Doto, nyingine ile mbovu kama ilivyokuja, na pengo lake jeupe. Nikaziweka mezani kichwa chini, nizilinganishe. Nikaangalia kipande kwa kipande na sikuona tofauti yoyote ila pengo. Mbili hizi ni mtu mmoja, naapa. Umeme ukakatika, nikanyanyuka nikawashe jenereta. Kurudi, nimepitia upande wa pili wa meza, kwa hiyo sasa zimenitazama wima. Nikasimama. Kushoto alikuwa kijana mmoja mpole ana pengo usoni. Kulia alikuwa mtu mwingine. Siyo Kulwa, na siyo Doto. Hata mimi nisiyemjua Kulwa nilimwona yule si mwenyeji. Nikazunguka meza, wakawa mmoja. Nikarudi, wakawa wawili. Nilizunguka ile meza kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mama akaniuliza kwenye benchi, "Unacheza nini, binti?"

Nikamwinulia ile mbovu tu, pale pale nilipo, mbali naye.

"Mama, huyu je?"

"Huyo Kulwa."

"Hana jicho, mama."

"Hana. Lakini ni yeye."

Hapo ndipo nilikaa chini. Kumbe yule mama hakuwa na shida na pengo. Pengo alikuwa analijaza mwenyewe, kichwani mwake, bila kujua. Aliyemfukuza Kulwa ni jicho letu zuri. Tulidhani tunaongeza sehemu moja na nyingine zitakaa kama zilivyo, kama kubadili tairi. Uso sio gari. Ukigusa jicho la kushoto na mdomo umebadilika, ingawa mdomo hukuugusa. Ukipima kwa rula uko pale pale, lakini mwenyewe kahama.

Nikaliondoa jicho la Doto lote, na nyusi, na shavu. Halafu nikafanya kitu ambacho Mzee hakunifundisha. Nikaacha kupindua. Nikaiweka picha wima, nikaipunguza kwenye kompyuta mpaka ikawa kama ukucha wa kidole gumba, ili nisiweze kuona vipande hata nikitaka. Nikaangalia mwanga wa picha ile: Kulwa alikuwa amepigwa karibu na dirisha, mwanga unatokea kulia kwake. Basi kushoto kwake nikampa kivuli. Kivuli kilaini, kinachoanza puani na kuzama taratibu mpaka sikioni, kama mtu aliyesimama mlangoni nusu ndani nusu nje. Ndani ya kivuli sikuweka jicho la mtu. Nikaweka giza tu.

Mzee Anselmi alisimama nyuma yangu. "Mteja kaomba jicho, wewe unampa giza."

"Mzee, jicho tulimpa, akalirudisha."

Akavua miwani, akaifuta na shati. "Miaka arobaini napindua watu," akasema, akaenda kujimiminia chai.

Kesho yake asubuhi mama alipofika sikumwambia kitu. Niliiacha picha kwenye kompyuta, kubwa, nikajifanya nafagia. Akaingia na kikapu chake. Akafika katikati ya chumba, akasimama.

"Mwangaluka," akasema kwa Kisukuma, sauti ya kumwamkia mtu wa nyumbani. Nilidhani ananiamkia mimi, nikaitika. Hakuwa ananiamkia mimi.

Alikaa mbele ya ile kompyuta mpaka karanga zikapoa. Kisha akasema haichukui bado. Ataichukua siku atakayokuja na Kabula, kwa sababu anayetafutiwa picha ni mtoto, yeye anamjua mwanae.

Hapo katikati alikuja kwetu mkufunzi mmoja wa wauguzi, anataka paspoti nne, umeme hakuna na jenereta haina mafuta. Katika kungoja nikamsimulia. Akaniambia si mapya hayo, wanasomeshwa: ubongo uso hauusomi herufi kwa herufi, unausoma kama wewe unavyosoma jina lako, mara moja, zima. Unashika vitu vyote pamoja na nafasi zilizo katikati yake. Na uso ukipinduliwa, ule usomaji wa mara moja unashindwa, ndio unabaki kuokota kipande kimoja kimoja. Akasema wapo hata watu ambao ubongo wao umepata hitilafu pahali fulani, mtu ana macho mazima, lakini mke wake mwenyewe anamtambua kwa sauti tu. Nilimuuliza maswali mpaka umeme ukarudi, na ukarudi nikaendelea kumuuliza. Alipoondoka aliniambia, "Wewe dada ungesoma." Ndio hivyo nimeondoka, kama mlikuwa mnatafuta wa kumlaumu.

Wakaja Jumamosi, watatu. Kabula alikuwa amesukwa vizuri, viatu vipya vinamtesa, ameshika kidole cha Doto. Mama Kulwa alikuwa ameingiwa na woga, nilimwona. Kanga alikuwa anaifunga na kuifungua. Mimi pia. Mtoto akisema "huyu ni baba Doto," basi kazi yote imekuwa kazi bure, na hatuna nyingine ya kujaribu. Tulikubaliana tusimwambie neno. Mzee Anselmi akaileta fremu, akamshikia usawa wa macho yake.

Kabula akaitazama picha. Akamtazama Doto. Akaitazama tena, uso umekunjamana kama mtu aliyeonyeshwa hesabu.

"Baba," akamwuliza Doto, "huyu anayekuiga ni nani?"

Doto ndiye alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, ikabidi avue kofia ajifunike nayo. Mama Kulwa akapiga magoti sakafuni, akamvuta mtoto.

"Haigi mtu, mama yangu. Huyu ndiye baba yako Kulwa. Anayeiga ni huyu mwingine, tangu siku ya kuzaliwa."

"Wa kwanza nani?"

"Kulwa wa kwanza."

"Basi Doto ndiye kaiga," Kabula akahukumu, na akataka kuishika fremu mwenyewe. Ikamzidi uzito, hakukubali kusaidiwa. Wakatoka hivyo, mtoto mbele na baba yake kifuani, Doto anafuata mikono mitupu, bibi nyuma anacheka na kufuta macho kwa pembe ya kanga. Nje nilimsikia mtoto anamwonyesha muuza ndizi: "Huyu siyo huyu."

Mzee akasema anakwenda kunywa kahawa, na akasahau kuchukua kofia yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi nikabaki kupanga meza. Nikafungua kompyuta, na lile faili bado lilikuwepo, *Kulwa safi*. Nikalifungua. Kijana mzuri, ngozi laini, macho mawili mazima, hana mshono hata mmoja. Alinitazama kama mtu anayengoja aitwe jina lake kwenye foleni. Kasekese nzima hakuna anayemjua, na mama aliyempata alimkataa.

Nikachungulia mlangoni, hakuna mtu. Nikamwambia, "Samahani, kaka." Kisha nikamfuta, nikaenda mpaka kwenye kapu la takataka la kompyuta, nikamfuta na huko.